Hema la Mtu Mmoja

Mimi nina wivu, na sizunguki mbuyu. Wengine huupamba wakauita upendo, au kujali, au kulinda nyumba. Mimi nimeuita kwa jina lake na bado haujanitoka. Nimewahi kumwonea wivu mtu aliyemsaidia mke wangu kubadilisha tairi. Nimewahi kumwonea wivu mwalimu wa kwaya kwa sababu alisema sauti ya mke wangu inabeba wimbo mzima, kana kwamba mimi sijaisikia kwa miaka kumi na minne. Lakini wivu ulionifikisha pabaya ni wa mwaka huu, na niliyemwonea hakuwa mtu. Lilikuwa hema.

Mke wangu anauza dawa za mifugo. Ana duka mjini Babati, karibu na soko, ila dukani anakaa siku tatu tu kwa wiki. Siku nyingine anafuata minada. Ng'ombe wako Simanjiro na Kiteto, na ng'ombe hapandi basi kuja mjini kununua dawa ya minyoo. Kwa hiyo yeye anapakia maboksi yake, sindano, dawa za kuogeshea, na kasha la barafu la chanjo, anaingia kwenye kigari chake kifupi cha milima na kuondoka peke yake. Anarudi baada ya siku nne au tano akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kibanda changu kiko Maisaka, kando ya barabara, na kazi yangu haitembei. Natengeneza mageti, grili za madirisha, mikokoteni ya ng'ombe, na zaidi ya vyote keria za juu ya magari. Mtu akitaka kupandisha magunia ya mbaazi juu ya gari bila bodi kubonyea, anakuja kwangu. Sijisifu, waulizeni.

Basi katika nyumba yetu yeye ndiye anayesafiri na mimi ndiye ninayesikiliza geti. Mtaani wanalijua hilo, na wapo wanaonitania: fundi, leo nani anapika? Napika mwenyewe, na ugali wangu si mbaya. Kinachoniuma si ugali. Kinachoniuma ni kwamba akirudi ananisimulia sehemu ambazo mimi sizijui, mbuga inayoanza hapa ikaishia angani, na anaposimulia uso wake unakuwa wa yule binti niliyemfuata kwao Mbulu. Mimi nimekaa naye mezani na bado sijui alichokiona.

Shida yake ilikuwa kulala. Kwenye minada ile hakuna nyumba za wageni za kuaminika, na ukiwa mwanamke peke yako unachagua pa kulaza kichwa kwa akili. Kwa miaka alilala kwenye kiti cha mbele, magoti yamekunjwa, hadi mgongo ukaanza kumdai. Kwenye maboma walimkaribisha ndani, lakini moshi unampandisha pumu, na yeye si mtu wa kumwambia mwenyeji kwamba nyumba yake ina moshi. Mwaka jana akajaribu hema dogo la chini. Siku ya pili yake siafu wakalivamia, akatoka mbio na shuka mbele ya boma zima, mbuzi wakamshangaa. Aliponisimulia tulicheka mpaka machozi. Kisha akasema hatalala tena chini.

Wazo la hema la juu ya gari alilipata hapa hapa mjini. Magari ya watalii yanayotoka Arusha kwenda Dodoma hupita Babati, mengine yakisimama kuweka mafuta, na juu yake utaona kasha pana au furushi la turubai. Siku moja alimwona mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima mwenye mvi, akifungua lake pale penye mafuta ili likauke, peke yake, kwa kuvuta mkanda mmoja. Alirudi nyumbani hajavua hata viatu, ananionyesha kwa mikono jinsi lile hema lilivyosimama.

Nikiri kwamba mwanzoni nilifurahia. Baada ya chakula cha jioni tulikaa na simu yake mezani tukitazama picha, na mimi nikajiona mtu muhimu kwa sababu vitu vya chuma na uzito ni vyangu. Lilikuwepo la turubai linalokunjwa mara mbili, ukilifungua nusu yake inaning'inia nje ya gari na ngazi ndiyo inayoishikilia. Ni jepesi kidogo na ni pana, lakini upepo wa mbugani ungelipiga usiku kucha, na kulikunja likiwa na umande ni kazi ya watu wawili. Lilikuwepo la kuning'inia kati ya miti miwili, zuri sana kwa nchi yenye miti. Huko aendako ukipata miti miwili imekaribiana, yote ni miiba. Lilikuwepo la kitanda chenye miguu, unakisimamisha kando ya gari. Hilo mimi nililipenda, maana ukilala ndani yake gari linabaki huru. Mke wangu akasema fisi hahitaji ngazi kufika kwenye kitanda cha kimo cha magoti. Na lilikuwepo la kasha gumu, jembamba, unafungua kufuli mbili na kifuniko kinanyanyuka chenyewe kama cha sanduku. Mtu mmoja analifungua kwa dakika moja, na mtu mmoja, hata akiwa mfupi kama yeye, analifunga kwa kuvuta mkanda. Ubaya wake ni kilo sitini za uzito, na lazima ulifunge kila unapotaka kuwasha gari, hata kama unakwenda hatua mia tu.

Aliyekuwa anamtumia picha hizo ni kijana wa Arusha anayeuza mahema yaliyotumiwa na watu wa utalii. Alikuwa anamtumia na ujumbe wa sauti. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu asiyewahi kunyanyua geti. Dada yangu hili, dada yangu lile. Nilianza kuzihesabu hizo dada yangu. Mke wangu akizisikiliza jikoni alicheka mara mbili tatu, na kila alipocheka nilikuwa nauliza kutoka sebuleni anacheka nini. Anajibu kwamba kijana ni mchekeshaji. Mchekeshaji gani, mtu anauza turubai.

Lakini si kijana aliyenivunja moyo, ni upana. Mimi nilisema achukue lile la turubai la watu wawili. Akauliza wa pili ni nani. Nikasema mimi, nani mwingine?

"Na kibanda utakifunga?" akauliza.

Ukweli ni kwamba tulipooana tu, alipoanza hizo safari, alinialika. Alisema twende wote mnada mmoja, ukaone. Nilisema nina mageti ya shule yananisubiri. Mwaka uliofuata akanialika tena, nikasema nina mikokoteni. Baadaye akaacha kunialika, na mimi nikashukuru moyoni, nikidhani safari si tena jambo la kuulizana. Sasa alikuwa anachagua kasha la upana wa mtu mmoja na begi lake, na alichagua kwa furaha. Niliangalia ile picha, godoro moja jembamba, mto mmoja, nikasikia roho inaniuma hasa, kama mtu aliyeondolewa kitandani mwake. Mwanamke anayetaka hema la mtu mmoja anataka nini? Nilijiuliza hivyo nikiwa kazini, nikiwa njiani, nikiwa kanisani nimepiga magoti. Ama kuna mtu, au hanitaki. Sikuona jibu la tatu.

Siku aliyokuja kibandani na futi kamba yake, nilikuwa nimeshavimba kama andazi. Alisimamisha gari mbele ya kibanda, akashuka, akanieleza kwa heshima kama mteja. Anataka keria ya miguu sita itakayokaa kwenye mifereji ya bodi, pembeni mwa paa, ya kubeba kasha na yeye mwenyewe akiwa ndani. Kisha akaniuliza swali ambalo watu wote wa Babati huniuliza.

"Bodi itabeba?"

Nikazunguka gari. Nikaligonga paa kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, nikainama nikachungulia mifereji. Nilifanya kila kitu ambacho fundi mkweli hufanya. Halafu nikamwambia haibebi. Nikamwambia bati la gari hili ni laini, paa litabonyea, nguzo zitapinda, na mvua ikija milango haitafunga. Nikaongeza kwamba mtu si gunia. Gunia halipandi ngazi, halijigeuzi usingizini, uzito wa mtu unavuta upande mmoja. Hayo ya mwisho ni kweli kabisa, na ndiyo yaliyoufanya uongo wangu ukae vizuri. Uongo mtupu hauna miguu. Huu niliuchomelea kwenye ukweli.

Alilitazama paa, akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Sawa," akasema, akaingia kwenye gari.

Jioni ile nilikula vizuri. Nilimkatia yeye kipande kikubwa cha samaki. Nilijisikia mwepesi, nikajiambia nimeiokoa nyumba yangu kwa maneno kumi tu. Wiki mbili zikapita hakuna habari ya hema wala ya kijana wa Arusha. Alikwenda mnada mmoja, akalala kwenye kiti, akarudi anatembea ameshika kiuno. Nilimkanda kwa maji ya moto. Nilimkanda kwa upendo wa kweli, na sikusema neno.

Halafu ikaja Jumatatu. Aliniambia anakwenda Sigino kuchanja kuku wa kikundi cha akina mama. Mimi nilikuwa nachomelea geti, kinyago usoni. Kwenye saa tisa nikasikia mlio wa gari ambao naujua kuliko sauti yangu. Nikanyanyua kinyago. Gari lilipita polepole mbele ya kibanda changu, na juu yake kulikuwa na keria nyeusi, mpya, rangi haijakauka vizuri, na juu ya keria kuna kasha, lile lile la kwenye picha za kijana wa Arusha. Alinipungia mkono. Hakusimama.

Sijui kama mtu asiye fundi atanielewa. Mimi hutengeneza keria. Nusu ya magari ya kazi ya mji huu yanabeba mkono wangu juu. Na mke wangu, anayelala kwangu, amepita mbele ya kibanda changu, mchana, watu wote wanaona, amebeba kazi ya fundi mwingine. Ilikuwa kama kurudi nyumbani ukakuta viatu vya mwanamume mlangoni. Jirani yangu wa kuuza matairi alikuwa amesimama nje. Hakusema kitu. Angesema, ningepata mahali pa kumwagia hasira.

Nyumbani nililikuta gari limeegeshwa uani. Nikaapa sitaigusa ile keria. Nililizunguka mara moja tu, mikono nyuma, kama mkaguzi, nikaangalia mishono ya mbele. Kila fundi ana mwandiko wake wa moto, na huu ulikuwa mwandiko mzuri, umejipanga kama magamba ya perege wa ziwa letu. Hapo ndipo roho iliponiuma mara mbili. Ningemsamehe zaidi kama angekwenda kwa fundi mbovu.

Nilinuna siku tatu. Nikiwa nimenuna mimi si mtu wa kupiga kelele. Naweka sufuria chini kwa nguvu, najibu kwa kuguna, nawasha redio wakati mtu anaongea. Mke wangu aliendelea na mambo yake. Alipanga dawa, akafua shuka moja, akaukunja mto mmoja ukaingia kwenye kasha. Alisema Ijumaa alfajiri anaondoka kwenda mnada wa mbali, Kiteto ndani kabisa, siku tano. Hakunieleza habari ya keria na mimi sikumuuliza. Tulikuwa tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Alhamisi asubuhi nikashindwa. Nikafunga kibanda, kitu nisichowahi kukifanya siku ya kazi, nikapanda bajaji hadi Sigino. Nilikwenda kugombana na fundi wa keria ile, maana Sigino ndiko mke wangu alikosema anakwenda Jumatatu. Njiani nilipanga maneno yote: kwamba kuna heshima kati ya mafundi, kwamba huwezi kumchukulia mtu kazi ya nyumbani kwake, na kwamba kama kuna lingine zaidi ya keria aniambie mbele ya wateja wake.

Nilimkuta anachomelea jembe la kukokotwa na ng'ombe. Ni mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kovu la moto kwenye kidevu. Aliponiona akazima mashine, akajifuta mikono kwenye suruali, akaja mbio.

"Shikamoo, fundi," akasema.

Utamgombaje mtu aliyekuamkia? Nikaitikia marahaba. Akanipa kigoda, akaagiza chai. Akaniambia alijifunza kukunja paipu kwa kuziangalia keria zangu stendi, na kwamba aliogopa sana kupokea kazi ile. Lakini mama alimweleza kwamba mume wake ana kazi nyingi za watu, amelemewa, na hataki kumwongezea nyingine. Alimweleza hivyo, basi. Mke wangu alikwenda kwa mtu mwingine na bado akanifunika nguo.

Kisha yule fundi akasogeza kigoda chake karibu, akashusha sauti. Alisema siku ile umeme ulikuwa unashuka na kupanda. Miguu minne alichomelea vizuri. Miwili ya nyuma alipoifikia, umeme ukawa mdogo, moto ukawa unalamba juu tu haupenyi, na mama ana haraka. Akaimalizia hivyo hivyo, akapaka rangi. Aliona aibu kumwambia mteja.

"Nilijua wewe ukifika nyumbani utaigusa tu, utaona," akasema. "Nikasema fundi atanifichia aibu."

Nilikunywa ile chai haina ladha. Miguu ya nyuma. Ngazi ya kasha lile iko nyuma kushoto. Kila akipanda, kila akishuka kwenda kujisaidia, uzito wote unavuta pale pale, na kabla ya hapo kuna barabara za Kiteto zenye mawimbi ya changarawe yanayofungua hata nati zilizokazwa na shetani. Fundi huyu aliniachia kazi ya mwisho kwa sababu mafundi wote hufanya hivyo. Anayefuata huziba pengo la aliyetangulia bila kumtangaza. Alihesabu kwamba mume hawezi kukaa siku tatu na gari la mke wake bila kuligusa. Hakuuhesabu wivu.

Na sasa niseme jambo ambalo sikuwahi kulisema. Ndani ya bajaji, nikirudi, nilifikiri ninyamaze. Nilifikiri: acha iachie. Iachie kidogo tu, kasha lilale upande, asiumie, ashtuke, arudi aseme kweli mume wangu hakuna fundi kama wewe. Nilikaa na wazo hilo kuanzia Sigino mpaka tunaingia mjini, nikalitafuna kama muwa. Dereva alipogonga shimo na kichwa changu kikapiga bomba la paa, ndipo nilipomwona yeye akiwa juu, amelala, na mguu wa nyuma unakatika. Nilimwambia dereva aongeze mwendo.

Nilimkuta uani anapakia kasha la barafu. Nikamwambia, nikiwa bado nahema, kwamba miguu ya nyuma ya keria haikushika, asiondoke nayo. Hakugeuka hata kunitazama.

"Juzi ilikuwa bodi," akasema. "Leo miguu. Kesho matairi."

Nikachukua nyundo ili nimwonyeshe. Akaja akasimama kati yangu na gari, mikono kiunoni, mwanamke mfupi wa kilo sitini na nane, akaniambia nyundo yangu isiguse gari lake. Alisema taratibu. Sijawahi kumwona ananiangalia vile, kama anavyowaangalia wale wanaokuja dukani ng'ombe wao amekwisha kufa, wakidai dawa ilikuwa mbaya. Nilielewa kwamba hata ningemwapia kwa jina la binti yetu aliye shuleni, asingeniamini. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho, ukutani, na alfajiri alikuwa anaondoka.

Nikaweka nyundo chini.

"Nilikudanganya," nikasema. "Bodi ingebeba. Ilikuwa inabeba tangu mwanzo."

"Najua," akasema.

Akaniambia alijua siku ile ile, pale pale kibandani. Paa lile kila msimu wa mbaazi ninalifungia keria ya kuazima na kulipakia mimi mwenyewe magunia matatu ya lumbesa kutoka shamba la kaka yake, na nikifika mjini nasimama nawaonyesha watu kwamba halijabonyea hata kidogo. Bodi iliyobeba magunia yangu matatu ishindwe kumbeba yeye na sanduku? Nilikuwa nimesahau magunia. Fundi mzima, ninayehesabu kila kitu kwa magunia, nilipotaka kudanganya nikasahau magunia. Alisema alisubiri wiki mbili nimwambie mwenyewe. Hata siku ile ninamkanda mgongo alisubiri.

Akauliza kwa nini. Ningeweza kumtaja kijana wa Arusha, ningeweza kutaja usalama. Nilikuwa nimechoka.

"Kwa sababu ulichagua la mtu mmoja."

Alikaa juu ya boksi la dawa.

"Dukani naitwa," akasema. "Hapa naitwa, kanisani naitwa, mnadani toka alfajiri ni daktari, daktari. Nataka mahali pamoja tu ambapo hakuna anayeniita. Hata wewe."

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana yaliingia ndani. Kama angenitajia mwanamume ningejua la kufanya. Ningemtafuta, tungepigana, ningepigwa au ningempiga. Nani ampige mtu anayetaka kukaa peke yake? Nilisimama pale uani na mikono yangu mikubwa, nikamwonea wivu mke wangu kwa ajili ya mke wangu. Halafu akasogea pembeni ya gari, akaniashiria nyundo.

Nikagonga mara ya kwanza, rangi ikapasuka. Mara ya pili mguu wa nyuma kushoto ukaachia wote, ukabaki unacheza kama jino la mtoto. Mke wangu akaweka kiganja mdomoni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na haki na sikutaka kuitumia.

Tulishusha kasha sisi wawili, maana turubai na cheche haviendi pamoja. Nilitoa nyaya za betri. Nikasaga kazi ya yule kijana kwenye miguu miwili ya nyuma hadi chuma kikang'aa, na siwezi kudanganya tena, kuna sehemu yangu ilifurahi kuusaga ule mwandiko mzuri. Umeme ulikuwa mzuri. Nilichomelea polepole, nikaacha moto uzame, nikaongeza kipande cha pembetatu kwenye kila mguu ili kuzuia mvuto wa ngazi. Miguu ya mbele sikuigusa. Ilikuwa mizuri, na si kazi yangu. Tuliporudisha kasha nilining'inia kwenye ngazi kwa kilo zangu zote tisini na mbili, nikaruka ruka, yeye akiangalia miguu kama anavyoangalia kwato. Haikulia.

Nikamuuliza kama siku moja naweza kwenda naye. Nilikuwa tayari kufunga kibanda, nilimwambia, si nimeshakifunga leo.

"Hema ni la mtu mmoja," akasema, na akanipangusa masizi kwenye paji la uso kwa upindo wa kanga yake.

Aliondoka Ijumaa alfajiri. Siku zote akiwa Kiteto ndani hatuongei, kwa sababu mtandao wa huko hupatikana juu ya kichuguu tu, na yeye hapandi vichuguu. Kwa hiyo Jumamosi saa kumi na mbili jioni, nikiwa nakoroga uji wangu, simu ilipolia na kuonyesha jina lake nilidhani kuna jambo baya. Hakukuwa na jambo. Alisema amepanda tu kwenye hema na simu imeshika, kumbe urefu ule unatosha. Sauti yake ilisikika kama yuko Bonga, hapa jirani tu. Alisema miguu haijalia njia nzima. Alisema wanawake wa boma walimwona akipanda ngazi, wakacheka, wakampa jina, wanamwita chui, kwa sababu chui ndiye anayelala juu peke yake. Nilicheka, na hapo hapo nikaona wivu, kwa sababu jina hilo sikumpa mimi. Nilitaka kumuuliza nani mwingine yuko karibu, gari la nani limeegeshwa hapo, kijana wa Arusha amepiga simu au hajapiga. Nikamuuliza anaona nini. Akaniambia ng'ombe wanarudi, vumbi lao jekundu, na mlima mmoja mdogo ambao hajui jina lake.

"Haya," akasema, "nafunga sasa."

Nikajibu sawa. Hakukata simu vizuri. Nikasikia zipu ya hema ikitembea polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kimya. Nilibaki na simu sikioni, uji unaungua, na nilijua haitaachia, kwa sababu miguu ile nilikuwa nimeichomelea mwenyewe.